Ishirini na Mbili Juu ya Ishirini

Jumatatu, 11 Novemba 2024

Nimemaliza kusahihisha mtihani wa hesabu. Ole wangu! Darasa langu, la nne B, limepasuka vipande viwili. Wanafunzi kumi na mmoja wamepata kumi na tatu au kumi na nne juu ya ishirini. Wengine kumi na watatu wamepata mbili, tatu, nne. Katikati hakuna mtu. Hata mmoja wa saba, wa kunifariji, hakuna.

Na siku yenyewe ilivyokuwa mbaya! Asubuhi Mama Préfet Honorine, mkuu wa shule yetu hapa Manika, Kolwezi, ametangaza kwamba mwalimu wa hesabu ambaye darasa lake litashinda ndiye atakwenda Lubudi mwezi ujao kuwafundisha walimu wenzake takwimu. Kila mmoja wetu alete karatasi moja ya matokeo, alama zikiwa zimepangwa kwa vikundi.

Lubudi! Huko anaishi Tata Banza, baba mkwe wangu. Tangu nimwoe binti yake Rachelle ananiita "ule wa chaki", mbele ya wageni. Siku nitakaposhuka kituoni na mkoba wa ngozi, atalimeza neno lake.

Walimu wa hesabu tuko wawili tu. Mimi, Baudouin Kalumba, mwenye uzoefu. Na Modeste Mukalay wa la nne A, kijana anayenifunga dama sokoni kila mchana, kisha ananiomba radhi. Sijui kipi kinauma zaidi. Wastani wa darasa lake umepita kumi kidogo. Wangu haufiki nane.

Leo nimefundisha hizo takwimu za vikundi. Alama zikiwa nyingi unazigawa kwa vikundi, halafu unahesabu kana kwamba kila aliyemo ndani ya kikundi amekaa katikati yake. Chancelle Mushiya, wa mtaa wa mbali wa Musonoi, ameingia nikiwa nafuta ubao, kama kawaida yake, ananukia mafuta ya mikate ya kukaanga anayouza na mama yake kwa wachimbaji alfajiri. Amesoma mstari wa mwisho uliobaki, akauliza kwa nini tunawaweka wote katikati na wao hawako katikati. Nimemwambia aanze kwa kufika mapema, maswali yatafuata. Darasa limecheka. Nimejisikia hodari.

Lakini swali limenifuata hadi nyumbani. Wote wanawekwa katikati. Katikati ya nini? Ya kikundi. Na anayechora mipaka ya kikundi ni nani? Ni mimi!

Jumanne, 12 Novemba

Nimeipata.

Nimeanzia mbili. Kikundi cha kwanza, mbili hadi kumi na mbili. Cha pili, kumi na mbili hadi ishirini na mbili. Basi! Wale wa mbili, tatu na nne wote wamehamia saba bila kufungua kitabu. Wale wa kumi na tatu wamepanda hadi kumi na saba wakiwa wamelala vitandani mwao. Wastani: kumi na moja na nusu! Médiane, ile alama ya mtu wa katikati ya mstari: kumi na moja na kidogo! Mode, alama inayotokea mara nyingi zaidi: imepita kumi! Nimerudia fomula zote tatu. Fomula haikatai. Haina macho ya kuona kwamba mtu mwenye alama kumi na moja hayupo.

Nimemweleza Rachelle. Ameuliza kama watoto wale sasa wanajua hesabu. Nimesema katika takwimu hatuulizi hivyo. Amesema njia ya mwongo ni fupi, akaendelea kuchambua maharagwe. Watu wa Lubudi wote ni wamoja.

Nimempigia simu Tata Banza. Nimemwambia mwezi ujao mwalimu mkubwa wa takwimu atashuka kwa treni kutoka Kolwezi, ampokee kituoni na amchinjie kuku. Ameuliza ni mwalimu gani. Nimesema atamwona mwenyewe. Nataka ashtuke.

Alhamisi, 14 Novemba

Nimesifiwa asubuhi, nimeanguka mchana.

Mbele ya walimu wote Mama Préfet amesema la nne B limemshangaza. Modeste amenipa mkono. Mkono wake ulikuwa mkavu, wangu ulikuwa na jasho. Kisha Mama Préfet ameongeza jambo ambalo sikulitia katika mipango yangu: masomo ya ziada ya Jumamosi yanatolewa kwa darasa moja tu, lile dhaifu. Alikuwa amefikiria B. Kwa kuwa B ni zima, anayapeleka A.

Nikitoka nimemkuta Chancelle mlangoni.

"Mwalimu, masomo ya siku ya posho haiko tena?"

Siku ya posho ndiyo Jumamosi yetu huku, tangu enzi za mgao wa unga wa migodini. Nimemwambia hakuna, kwa sababu darasa letu limefaulu.

"Limefaulu? Mi niko na tatu." Amenitazama kwa adabu. "Mama alisema, kama hesabu inanishinda tena, ntabakia naye ku mikate. Ni juu ya ile siku ya posho aliniachaka nirudi ku masomo."

Nimesema tutaona. Amesema asante, mwalimu, akaenda zake. Asante ya nini? Angelia ningejua la kufanya, ningempa leso. Nimeona aibu hadi masikio yakawa moto.

Nimecheza dama ovyo. Modeste amenifunga, kisha ameomba radhi.

Ijumaa, 15 Novemba

Nimelala vibaya. Lubudi au Chancelle? Nakiri nimemfikiria kuku kwa muda mrefu. Lakini kila nikimfikiria, ile asante inakuja kukaa mezani pamoja naye. Basi, Lubudi iende. Mimi si jiwe.

Kwenda kwa Mama Préfet na kumwambia ukweli? Hilo pia nimelifikiria, hadi maji ya chai yalipochemka. Kuna njia ya heshima zaidi. Kama vikundi vimelipandisha darasa, vikundi vitalishusha. Kikundi cha kwanza, kuanzia tano chini ya sifuri hadi tano. Cha pili, tano hadi kumi na tano. Wale kumi na watatu wote wamekuwa sifuri. Werevu wangu wamekuwa kumi. Wastani: nne na nusu. Kitabu ni kilekile, alama ni zilezile, na darasa lililokuwa zima jana leo ni hoi kitandani. Nani atalinyima Jumamosi?

Wakati wote wako mstarini kuimba na kupandisha bendera, nimeingia ofisini. Jalada la matokeo lilikuwa juu ya meza. Nimechomoa karatasi ya zamani, nimechomeka mpya, nimetoka nikiimba kwa sauti kuliko wote. Sijawahi kuipenda nchi yangu hivyo.

Jioni. Nimefungua mkoba ili niichome ile ya zamani. Mungu wangu! Niliyoichomoa ni ya Modeste! Karatasi zetu zote zinatoka katika daftari moja la shule, na mimi macho yangu yalikuwa mlangoni. Sasa Mama Préfet ana karatasi mbili za B na hana hata moja ya A.

Nimeisoma ya Modeste. Vikundi vidogovidogo, vinaanzia sifuri, vinaishia ishirini. Hana ubunifu kijana huyu.

Jumatatu, 18 Novemba

Nimeitwa. Karatasi zangu mbili zililala mezani bega kwa bega. Mama Préfet hakupaza sauti. Ameweka kidole kwenye ishirini na mbili, halafu kwenye ile tano iliyo chini ya sifuri.

"Tata Baudouin, mu darasa yako kuko mutoto anaweza pata vingt-deux juu ya vingt. Na kuko mwingine anaingia mu examen akiwa tayari na deni ya points tano. Mi sijaonaka darasa ya namna hii."

Nimesema fomula inaruhusu. Amesema anajua, naye alisoma hesabu. Halafu amesukuma karatasi zote mbili mbele yangu.

"Unionyeshe Chancelle. Iko fasi gani?"

Nimeweka kidole kwenye saba. Amesema Chancelle hana saba. Nimekihamishia kwenye sifuri. Amesema sifuri pia hana. Kidole kimebaki hewani. Nimetafuta kwa kweli, si kwa kuigiza. Msichana nimemwona kila siku ya shule tangu Septemba, najua anavyokunja shingo akiandika, na katika karatasi zangu mbili hakuna mahali alipo.

Amenitaka nitoe alama halisi, nimtajie mmoja mmoja, jina na mtaa. Nimetaja. Wale kumi na watatu wote wanatoka Musonoi! Wote wanatembea, kwa sababu pikipiki ya kila siku si ya kila mtu, na wengi wao wameshafanya kazi kabla ya kuanza kutembea. Wanafika saa ya pili ya masomo. Sikuwahi kuwaona kama kundi. Nilikuwa nawaona kama wachelewaji.

"Na hesabu ya B iko saa ya kwanza," amesema Mama Préfet. "Ni nani aliyiombaka saa ya kwanza?"

Niliomba mimi. Nilimwambia asubuhi akili za watoto huwa bado mbichi. Ukweli ni kwamba nilitaka kuwahi ubao wa dama kabla watu hawajajaa. Nimeanza kuzinyoosha kalamu zake mezani. Nadhani amezielewa kalamu hizo vizuri kuliko fomula zangu.

Hukumu: hesabu ya B inahamia baada ya mapumziko. Jumamosi nitafundisha mimi mwenyewe, hukohuko Musonoi, katika chumba cha parokia, hadi Noeli. Karatasi ya Modeste nimeirudisha, nimesema niliiokota chini. Modeste ameomba radhi kwa kuidondosha. Na Lubudi ataenda yeye.

Jumamosi, 23 Novemba

Mvua. Motari, dereva wa pikipiki, amenishusha njiani, akasema matope yale si ya tairi zake. Nimetembea kandokando ya mashimo ya wachimbaji, na viatu vyangu nilivyovitunzia Lubudi. Huo ndio mwendo wao wa kila asubuhi! Na mimi nilikuwa nauliza kwa nini wananuka jasho.

Wamekuja karibu wote. Nyuma kabisa alikaa Mama Valérie, mama yake Chancelle, mikono imefungwa kifuani. Amesema amekuja kumwangalia mwalimu anayemfaulisha mtoto mwenye tatu. Nimeangusha chaki.

Nimefundisha vikundi upya, polepole. Chancelle ameinua mkono, na swali lilikuwa lilelile. Kwa nini wote katikati? Safari hii hakuna aliyecheka. Nimejibu kweli, na nilipokuwa najibu nilikuwa najifunza. Nimesema tunafanya hivyo tunapokuwa hatujui tena kila mmoja alikuwa wapi. Watu ni wengi, majina yamepotea, basi tunakisia. Tunasema, pengine yuko katikati.

Chancelle ameinua mkono tena.

"Lakini sisi unatujua, mwalimu. Sasa unakisia nini?"

Nimegeukia ubao. Nimechora mstari mrefu, kutoka sifuri hadi ishirini, nikawaita waje mmoja mmoja waandike majina yao mahali walipo. Wameandika, kwenye mbili, kwenye tatu, kwenye nne, wakisukumana. Haikuwa picha nzuri, lakini kila aliyekuja alikuwemo.

Mama Valérie ameondoka. Mikono ilikuwa imefunguka.

Jumatatu, 16 Desemba

Habari mbili. Kwanza ile inayochoma.

Modeste amerudi kutoka Lubudi. Anasema watu wa kule wana ukarimu wa ajabu. Mzee mmoja ambaye hamjui kabisa alimsubiri kituoni, akamwita mwalimu mkubwa wa takwimu, akampeleka nyumbani kwake na kumchinjia kuku. Jogoo mzima! Mzee akamwambia angependa sana kuwa na mkwe kama yeye. Alipojua Modeste anafanya kazi nami, alimtuma amsalimie ule wa chaki. Modeste ameniletea salamu. Kisha ameomba radhi, bila kujua ya nini.

Ya pili. Nimesahihisha mtihani wa Desemba. Karatasi ya Chancelle nimeiacha ya mwisho, kwa woga. Tisa! Kutoka tatu hadi tisa! Nimeihesabu upya nikitafuta pointi moja iliyojificha mahali, ya kumfikisha kumi ya kufaulu, sikuipata, lakini tisa ni tisa. Mama Valérie ametuma bakuli la mikate, na neno: mutoto abakie ku masomo mpaka mwisho wa mwaka, halafu tutaangalia. Nimekula mikate hiyo nimesimama uani, nikalia. Rachelle amenikuta. Hakusema methali yoyote.

Musonoi nitaendelea kwenda baada ya Noeli. Hakuna aliyeniamuru. Na dama wacheze wenyewe.

Sasa niko mezani. Inspekta anakuja wiki hii, na Mama Préfet anataka karatasi ya matokeo ya B. Amesema niandike alama kama zilivyo. Nimezitazama kwa muda. Tisa ya Chancelle inaniuma. Mtu ametembea matope yote yale, amekaanga mikate alfajiri, halafu inspekta asiyemjua aje aone tisa, aseme ameanguka? Si haki. Mimi ninamjua. Anastahili zaidi.

Nimechukua rula. Kikundi kimoja kidogo tu, cha upendo: nane hadi kumi na nane. Katikati yake ni kumi na tatu.

Na kumi na nane haivuki ishirini. Mara hii hakuna atakayeuliza.