Tundu Lililomeza Moshi Wangu

Jumatatu, 3 Machi
Mke wangu amehamia kwa dada yake. Ati atarudi Jumamosi, akikuta sinki chini ya dirisha na jiko lisilomtoa machozi kwa moshi. Nisipomaliza, nimpelekee nguo zake zilizobaki. Mkali huyo! Fundi bomba anataka tupasue sakafu, maji machafu yapate mteremko, kisha tutoboe ukuta wa nje kwa ajili ya feni ya moshi. Anataka kunilia pesa tu. Nyuma ya kabati la zamani nimegundua tundu refu, limezibwa kwa matofali hadi sakafuni. Nusu ya kazi imeshafanywa! Fundi akasema aliyeliziba alikuwa na sababu zake. Nikamtakia safari njema.

Jumanne, 4 Machi
Nimelizibua. Giza tupu, na upepo unavuta kuelekea ndani. Nikawasha karatasi. Moshi wote ukaingia, safi kabisa! Nikapanda juu ya paa niuone ukitoka. Haukutoka. Nikazunguka nyumba nzima, haupo. Basi, moshi uliokwenda umekwenda.

Jumatano, 5 Machi
Feni imekaa tunduni. Shemeji, kaka wa mke wangu, akaja kunichunguza. Akauliza moshi unatokea wapi huko nje. Nikamjibu kwamba yeye mambo ya kisasa hayawezi. Akabenua midomo, akaenda zake. Nikakaanga vitunguu kwa mbwembwe. Tundu likakohoa! Kikohozi kimoja tu, cha mtu mzima mwenye adabu. Nikasema pole kabla sijafikiri. Kwa sauti ndogo, kutoka ndani, nikashukuriwa. Nikaongeza kasi ya feni.

Alhamisi, 6 Machi
Sinki lipo dirishani, linang'aa. Maji hayaendi. Mteremko! Basi bomba nimeliingiza kwenye tundu lilelile. Akili hiyo! Maji yakaenda mbio. Nikatega sikio niyasikie yakianguka chini. Kimya. Jioni, sponji iliyoniponyoka na kutumbukia humo nimeikuta kando ya sinki, imekamuliwa vizuri. Naogopa, sifichi. Ila namwogopa zaidi mke wangu.

Jumamosi, 8 Machi
Karudi na mizigo yote! Akafungua maji, akawasha jiko, akanikumbatia mbele ya shemeji. Nikavimba kichwa. Tulikula tukicheka, nikaona nyumba imekuwa nyumba tena. Alipokuwa akiosha sahani, sauti ikatoka ukutani. Ikamwita mama. Ikamwomba kwa heshima zote apunguze pilipili, watoto macho yanawawasha. Akaiweka sahani chini polepole. Akaniuliza kama nilijua. Nikamhakikishia kwamba ni watu wapole sana. Yeye na kaka yake wakatoka mbio. Mke wangu hata viatu hakuvaa.

Jumapili, 9 Machi
Hapokei simu. Nimelia, nakiri. Ndipo nikabisha kwenye tundu, nikaomba radhi kwa moshi na maji, nikaeleza ndoa yangu ilipofikia. Kisha nikasikia vyombo vinakokotwa huko ndani, na nyayo nyingi, nyingine ndogondogo, zinapanda kuja huku juu. Wanahama! Watu waelewa kweli hawa. Nimemtumia mke wangu ujumbe kwamba arudi, mambo yamekwisha. Na nafasi yote hiyo ikae bure? Kesho nahamishia choo humo.