Mtaalamu wa Mapipa na Madumu

Itangazwe kwa wakubwa na wadogo, kwa wenye maghala na wenye vibanda, kwamba Jumanne asubuhi mji huu ulipata heshima ya kutembelewa na bingwa wa karatasi za usafirishaji wa bidhaa za hatari. Alikuja kwa miguu. Soli ya kiatu cha kushoto ilipiga makofi kila hatua, na ubingwa wenyewe alikuwa hajaupata bado. Aliupata yapata saa nne kasoro robo.

Watu walimwita Profesa. Alikuwa na sura nzuri, jambo lisilo na ubishi, na asubuhi hiyo alikuwa anawakimbia waendesha pikipiki kumi na wanane aliowauzia vibali vya kuegesha kivulini. Iliwachukua wiki mbili na nusu kugundua kwamba kivuli hakina mwenyewe. Kwa vichwa vile, hiyo ni kasi ya ajabu. Sasa walikuwa wanamsaka mtaa kwa mtaa. Profesa alihitaji chombo cha kumtoa mjini, na kwa kuanzia akajichomeka kwenye foleni ya bohari la mizigo, mbele ya dirisha la mkaguzi.

Mkaguzi alikuwa mama mwenye miwani ya kamba na muhuri uliokaa mkononi kama nyundo.

"Umeandika 'Thina, 40'," alimwambia mfanyabiashara wa mbele. "Arobaini nini?"

"Arobaini za thina, mama, ile ya kuyeyushia rangi."

"Vikombe? Ndoo? Sufuria? Kitu hiki kinashika moto, baba. Kikiwaka njiani, watu wa zimamoto watasoma karatasi hii wajue wanakimbilia mapipa au madumu. Nataka idadi na aina ya kifungashio. Haya, kaandike upya. Anayefuata!"

Anayefuata naye akarudishwa. Na wa baada yake. Profesa aliwatazama wakiondoka, watu wazima wenye vitambi na funguo za magari, wameshindwa na neno 'pipa', akahisi mapenzi yakimjaa kifuani.

Ukutani palikuwa na bango la misimbo ya vifungashio: 1A1, pipa la chuma; 3H1, dumu la plastiki. Profesa akanakili hiyo miwili kwenye kiganja cha mkono. Elimu yake ya juu iliishia hapo.

Windo lake lilitoka langoni likijipepea kwa fomu: Mama Rangi, mwenye duka la rangi, mnene, mpole, anahema. Kando ya gari lake la mizigo iliegeshwa pikipiki nyekundu ya duka, karibu mpya. Profesa aliitazama pikipiki kwanza, kisha mama.

"Shikamoo, mama. Wamekusumbua?"

"Marahaba, mwanangu. Acha tu. Nina madumu arobaini ya thina, yamekaa stoo miaka saba, mengine yana nyufa. Kumwaga mtaroni marufuku, kuyasafirisha mpaka yawe kwenye vyombo vizima. Mimi mjane nitafanyaje?"

"Mama, umekutana na mtaalamu." Profesa akakunjua ngumi kidogo, asome kiganja. "Hatuandiki dumu. Tunaandika 1A1. Ni lugha ya kimataifa, maana yake pipa la chuma, ila kwa heshima. Yule mama dirishani akiona msimbo ataona aibu kuuliza. Atagonga muhuri."

"Wee! Mambo ya wasomi haya."

"Ndiyo hivyo. Ada yangu ni ndogo, ile pikipiki tu."

Mama Rangi akashika shavu. Akaitazama pikipiki kama mtu anayeaga mtoto. "Ukigongewa muhuri, funguo zako hizi hapa. Lakini mwandiko wangu wa kuku, mwanangu. Nijazie mwenyewe."

Profesa alijaza. Alijaza kwa raha, kwa herufi zenye mikia. Kwenye nafasi ya aina ya vifungashio akaandika 1A1, basi. Palipoandikwa 'Mtumaji' kalamu ikasita.

"Hapo niandike nani?"

"Wanaweka jina la mkubwa," Mama Rangi alisema kwa sauti ya unyenyekevu. "Mimi nani hata niandikwe juu ya wataalamu?"

Hakuna hoja iliyowahi kumwingia Profesa kwa ulaini ule. Akaandika majina yake yote matatu, akasaini chini, saini ya kuzunguka kama kamba ya kitanzi. Juu ya saini palikuwa na mistari midogo. Hakuisoma. Maisha yake yote alikuwa anaandika mistari midogo ili wengine wasiisome, na hakufikiri kwamba kuna mtu mwingine duniani mwenye kazi hiyo.

Dirishani, mkaguzi aliitazama fomu.

"1A1. Hiki ni chumba cha hoteli?"

"Ni msimbo, mama. Wa kimataifa."

"Msimbo unaruhusiwa kuongezwa, hauruhusiwi kusimama peke yake. Niandikie kwa maneno."

Nyuma, kule barabarani, kulisikika ngurumo ya pikipiki nyingi. Profesa akaandika haraka: mapipa 40 ya chuma. Mkaguzi akavaa glavu, akaenda kwenye gari, akafunua turubai. Harufu ikawatoa machozi hadi walinzi. Dumu moja lilikuwa linalia tone kwa tone juu ya bodi.

"Mtumaji ni nani?"

"Huyu mama!" alisema Profesa.

"Mie?" Mama Rangi akaweka mkono kifuani. "Mie nimembebea tu mzigo wake. Soma fomu, dada."

Mkaguzi akasoma mistari midogo kwa sauti: nathibitisha kwamba mzigo huu ni wangu, kwamba nimeueleza na kuufungasha ipasavyo, nami ndiye nitakayewajibika. Miaka thelathini Mama Rangi alikuwa anausaini mstari huo na kuujutia. Alishusha madumu yote, akapanda pikipiki nyekundu, hakuwa anahema hata kidogo, akamwachia mfanyakazi wake gari.

Profesa akapewa glavu, faneli ya kumiminia na mapipa mazima, ahamishe dumu baada ya dumu, na kila akipumzika aandike maelezo kwa mkono wake.

Na maelezo yenyewe ndiyo haya. Mkaguzi ameyasoma yote amesimama nyuma yangu, amevua miwani, ameuliza kwa nini mtuhumiwa anasimuliwa kama jirani. Profesa ni mimi. Sikudhulumiwa na mtu; nilisaini kwa sababu jina langu lilipendeza pale. Yamebaki madumu ishirini na matatu. Naomba, bibi mkaguzi, nisiharakishwe. Wale kumi na wanane wamezima pikipiki zao langoni, wamekaa chini ya ukuta, na naona wana subira kweli.