Kuruka Bila Kuzima

Jumatatu, 10 Machi

Nimechoka, na wiki ndiyo kwanza inaanza. Mzee, mkuu wetu wa chumba cha seva hapa chuoni, anastaafu. Ijumaa atamtaja wa kukalia kiti chake. Tuko wawili tu: mimi, na yule ninayemwita Bwana Taratibu, mtu anayesoma maelekezo hata ya birika la umeme. Nakitaka kile kiti. Nimechoka kuitwa huku na huku kisa fulani kasahau nywila yake.

Halafu kuna mama mkwe. Amekuja kututembelea na ameshawatangazia majirani kuwa mkwewe ni mkuu. Sijui kayatoa wapi. Labda kwangu.

Mpango ninao. Seva zinahitaji kerneli mpya, yaani ule moyo wa mfumo endeshi. Taratibu atazima na kuwasha. Seva zetu ukizizima huamka kwa kujivuta, zinahesabu kumbukumbu yote, zinakagua kila kadi, mpaka unasinzia. Mimi sizimi! Nitairusha seva yangu kutoka kerneli ya zamani hadi mpya, ikiwa macho. Mzee atashika mdomo.

Jumanne, 11 Machi

Nimejaribu asubuhi kabla watu hawajafika. Kioo cheusi. Kimya. Ikabidi nizime na kuwasha kama mtu yeyote, nimejibanza nyuma ya kabati ili Taratibu asinione. Akaniona. Akaniuliza kama naumwa. Upole wake unanichosha kuliko matusi.

Mchana nikaelewa. Kerneli inayorushiwa ndani haizunguki kukagua. Inapokea ramani ya kumbukumbu kutoka kwa ile inayoondoka: hapa pako wazi, hapa pana mwenyewe, usiguse. Ramani yangu ilikuwa na kasoro. Sehemu inayotumiwa na kadi ya kuendesha diski ilionyeshwa kuwa tupu, kerneli mpya ikajitandikia na kulala, kumbe mwenyewe yumo. Dawa ni kuiandikia ramani kwa mkono.

Mke wangu ameniuliza kwa nini nisizime tu na kuwasha. Nimemwambia hawezi kuelewa. Amesema kweli, hawezi.

Jumatano, 12 Machi

Ramani sahihi iko kwenye rekodi ambazo seva yangu yenyewe huandika inapowaka. Mistari mirefu ya namba, macho yanauma hata kabla ya kufungua. Lakini ya Taratibu ilikuwa wazi kwenye kioo chake, imepangwa vizuri, kama kawaida yake. Seva yake na yangu zilikuja siku moja, kwenye gari moja, rangi moja. Alipokwenda kula nikanakili ya kwake. Nani ana nguvu za kuumiza macho?

Jaribio la jioni: imeruka! Mara moja tu na kerneli mpya iko hewani! Nimecheza peke yangu katikati ya makabati mpaka mgongo ukakataa.

Nyumbani, mama mkwe kauliza kama ofisi ya mkuu ina sofa. Nikasema ipo. Ya ngozi.

Alhamisi, 13 Machi

Onyesho. Mzee mbele, Taratibu pembeni na daftari lake, kina mama wa usajili mlangoni wakilalamika kuwa wanafunzi wanawasubiri dirishani. Nikabonyeza. Ikaruka. Kina mama wakapiga makofi. Mzee akasema ameona. Nilijisikia vizuri, nakiri, vizuri sana. Nikaenda kunywa chai nikitembea kama mtu mwenye sofa.

Chai haijapoa, kelele. Wanafunzi wote walikuwa wameingia kwenye mfumo kwa pamoja, seva ikatanuka kutafuta nafasi, na ilipofika sehemu za juu za ramani ikaanguka puu. Sehemu zile kwangu hazipo! Kumbe Taratibu aliongezewa kumbukumbu kwenye seva yake mwaka jana. Aliomba, akapewa. Nani huomba?

Taratibu akazima. Akawasha. Akakaa, kakunja nne, anasubiri. Ikaamka salama, inajua vizuri ilicho nacho na isicho nacho. Kina mama wakampigia makofi yeye, tena ya nguvu zaidi.

Mzee akaniita pembeni. Akauliza kwa nini sikusoma ramani ya seva yangu. Nikasema seva zile zinafanana. Akauliza kama naweza kununua viatu vyangu kwa kupima mguu wa Taratibu. Nilitamani anifokee.

Ijumaa, 14 Machi

Taratibu ndiye mkuu. Alinishika mkono na kusema atanihitaji. Alimaanisha kweli, na hapo ndipo roho iliponiuma.

Mimi nimehamishiwa chini, chumba cha printa. Mke wangu alisema mimi mwenyewe nimwambie mama yake ukweli, leo hii. Nilimkuta mama mkwe sebuleni. Alikuwa amevaa vizuri, amealika majirani wawili. Aliniuliza wamenipa nini. Nikafungua mdomo kusema ukweli. Nikasema wamenipa ghorofa nzima ya chini. Majirani wakashangilia. Mke wangu akainuka, akaenda jikoni, na sufuria zikaanza kugongana.

Jumamosi, 15 Machi

Nimekwenda kuuona ufalme wangu. Vumbi, wino, printa moja kubwa kama jeneza. Nilikaa juu ya boksi la karatasi nikajihurumia kidogo.

Halafu nikaikagua. Nayo ina kerneli! Ya zamani, aibu tupu. Fundi wa jengo anasema mtengenezaji ameagiza izimwe kwanza ndipo ibadilishwe. Nimecheka. Nimemuuliza kama chuo kina printa nyingine ya aina hii. Ipo, ofisi ya mkuu wa chuo, mpya zaidi lakini rangi ileile. Jumatatu akienda kula nitanakili ramani yake.