Gari la Marehemu na Pikapu ya Bwana Asali

Wapo watu ambao wakipita mbele ya nyumba huona nyumba. Bwana Asali akipita huona mlango uliosahauliwa wazi. Jumamosi hiyo asubuhi, akiwa nyuma ya usukani wa pikapu yake, alichungulia juu ya ukuta mfupi akaona, chini ya turubai lililotoboka, pua ndefu ya gari la zamani lenye taa za mviringo. Akaegesha nje ya geti, akapangusa viatu, akajivika uso wa huruma.

Kwa heshima ya ukweli, ni lazima isemwe kwamba pikapu ile ndiyo mali pekee aliyoipata kwa njia ya halali. Vingine vyote, pamoja na saa ya mkononi, vilikuwa na wenyewe.

Ng'ambo ya mji aliishi daktari wa meno mstaafu, mkusanyaji wa magari ya namna hiyo, aliyeahidi kumtajirisha yeyote atakayemletea moja. Sharti lake lilikuwa hili tu: gari lifike kwake kwa magurudumu yake lenyewe, lisiburutwe kwa kamba.

Mwenye nyumba alikuwa mjane aliyeitwa Mama Viti, kwa kuwa alikodisha viti vya sherehe. Mgeni alipojitambulisha kuwa fundi wa magari, alimweleza shida yake bila kuficha. Viti alivisafirisha kwa mkokoteni, navyo vilizoea kufika wageni wakiwa wamekwishachoka kusimama. Leo mchana palikuwa na arusi, na mama wa bibi arusi alikuwa amemwonya: akichelewa tena, mtaa mzima utahamia kwa mpinzani wake. Alitamani kulibadili gari la marehemu mumewe kwa chombo cha kubebea mizigo. Lakini stata yake, ile mota ya kuwashia injini, iliungua, akanunua nyingine, fundi akaifunga, na tangu hapo ukizungusha ufunguo unajibiwa neno moja tu: tak.

"Halafu, mwanangu, kuna jambo jingine kuhusu gari hili..."

"Mama," Bwana Asali alimkatiza kwa upole, "daktari wa kweli hamsumbui mgonjwa kwa maswali. Niachie mimi."

Akafungua boneti. Tumpe haki yake: tapeli alikuwa, lakini mikono yake ilijua kazi. Aliwasha taa za mbele, zikang'aa. Akazungusha ufunguo, tak, taa zikafifia. Akaufuata kwa kidole waya mnene unaounganisha betri na mwili wa gari, akagundua kwamba yule fundi, kwa kupenda usafi, alipaka rangi mpya kwanza, kisha akaukaza waya juu ya rangi. Umeme mdogo wa taa ulipenya kwa taabu. Ule mkubwa wa stata uligoma.

Akaomba maji ya kunywa. Alipobaki peke yake akaikwangua rangi, akarudisha waya, akagusa ufunguo. Stata ikazunguka, injini ikakohoa, ikanguruma. Akaizima upesi, akachomeka kipande cha nailoni chini ya waya, akaukaza tena.

Huko jikoni, Mama Viti alisimama na bilauri mkononi. Ngurumo ile hakuwa ameisikia tangu mumewe alipokuwa hai, na mtu hasahau sauti iliyomwambia kila jioni kwamba wakati wa kuteleka chai umefika. Akavuta pumzi, akatoka na maji.

"Pole, mama," alisema Bwana Asali akitikisa kichwa. "Stata haina kosa. Injini imekwama. Imekuwa jiwe."

"Jiwe?"

Akazungusha ufunguo: tak. "Umesikia?"

"Nimesikia, mwanangu," akajibu Mama Viti, naye kwa kweli alikuwa amesikia.

Tangu hapo hakulitaja tena lile jambo jingine.

Bwana Asali akaeleza kwamba yeye alikua bila mama, na kwamba hawezi kumwona mjane akiaibika. (Mama yake alikuwa hai, mzima, na akiitafuta saa yake.) Alikuwa tayari kukichukua hicho chuma chakavu, awe anakitazama tu, na kumwachia pikapu. Mama Viti akasitasita. Akasema gari ni kumbukumbu ya marehemu; akasema watu watamsema. Kila aliposita, Bwana Asali aliongeza sukari: tairi la akiba, kisha jeki, kisha kamba za kufungia mizigo. Mwishowe akaitwa jirani, mshona viatu, awe shahidi, na Bwana Asali mwenyewe ndiye aliyeweka sharti: kilichotoka mlangoni hakirudi.

"Usije kujuta kesho, mama."

"Mimi si mwepesi wa kujuta," alisema Mama Viti. Wakabadilishana kadi za magari na funguo.

Hapo Bwana Asali akainama kwenye boneti kana kwamba anamuaga mgonjwa, akachomoa nailoni, akakaza waya, akaingia garini. Injini ikanguruma, sauti ikajaa ua mzima. Akawaambia kuwa hiyo ni miujiza, akatia gia ya kwanza, akakanyaga mafuta. Gari likapiga kelele lisisogee. Akatia ya pili. Akatia ya tatu. Akatia iliyobaki, na gari likarudi nyuma kwa furaha hadi kwenye kamba ya nguo.

"Mama," aliuliza, shuka likiwa limefunika kioo, "gia za mbele ziko wapi?"

"Zilikufa, mwanangu. Marehemu alitafuta vipuri hadi akachoka, havitengenezwi tena. Ndilo jambo nililotaka kukuambia, ukasema daktari haulizi maswali."

Bwana Asali alimgeukia shahidi. Alisema, kwa sauti ya mwanasheria, kwamba gari bado halijatoka mlangoni.

"Kweli," akakubali mshona viatu. "Lakini pikapu iko nje tangu asubuhi."

Palibaki tumaini moja. Daktari wa meno alidai gari lifike kwa magurudumu yake. Hakusema litazame wapi. Basi Bwana Asali akaligeuza uani kwa jasho, akatoka kinyumenyume, shingo nje ya dirisha.

Mama Viti, aliyefundishwa kuendesha na mumewe katika gari lilelile enzi lilipokuwa bado na adabu ya kwenda mbele, alipakia viti, akakaza kamba, akashika barabara hiyohiyo kuelekea arusini. Hakukawia kulifikia gari la mbele. Kwa kuwa yeye alikwenda mbele na mwenzake alikwenda nyuma, walijikuta wanatazamana uso kwa uso, taa kwa taa, mtaa baada ya mtaa, wote wawili wakielekea upande mmoja.

Kutazamana na mtu muda mrefu bila salamu si ungwana. Mama Viti akampungia mkono.