Sanduku la Juu la Opal

Jumapili, 2 Agosti
Natangaza rasmi, mbele ya birika la chai, redio, na nzi mmoja aliyenusurika baridi, kwamba leo saa tisa alasiri, hapa mjini Wallaroo, sanduku langu la kwanza la kutagia ndege limekamilika. Lina kuta nne, paa, na tundu la mlango. Sakafu nimeisahau.

Baadaye: sakafu nimetia. Sasa paa halifungi.

Sanduku ni la Opal. Opal ni baji, wale kasuku wadogo wa kuenea kiganjani. Jike, rangi ya zambarau iliyofifia, miaka minne na nusu. Ndiye wa mwisho wa ukoo wa ndege alioufuga marehemu mke wangu, Verna, miaka thelathini na mmoja. Jike wa baji akigonga mitano hatagi tena la maana. Ni msimu huu au basi.

Daftari la ndege la Verna limo kwenye droo ya jikoni. Sijalifungua. Mwandiko wake mdogo mno. Isitoshe, mtu mwenye akili hujifundisha mwenyewe. Miaka yote ile nilikuwa nalitazama banda kupitia dirisha la jikoni, nikimwambia awanyamazishe hao ndege wake. Uzoefu huo si haba.

Jumanne, 4 Agosti
Hocking kachungulia juu ya ua wa mabati. Bevan Hocking: jirani yangu, mwenyekiti wa chama cha wafuga baji, mshindi wa vikombe. Shingo yake imeumbwa kwa ajili ya ua huu.

Kauliza natundika nini. Nikamwambia sanduku. Kauliza mbona hilo liko juu na mengine yako chini. Nikamwambia hili ni la Opal, mwenye ukoo wake, na yale ya chini ni ya zile jozi mbili za kijani nilizonunua sokoni Kadina. Wageni hawakai usawa mmoja na mwenye nyumba.

"Weka yote kimo kimoja, jirani," akasema. "Majike hawa kila mmoja anataka la juu. Watatoana roho."

Nimemshukuru kwa adabu. Alipoingia ndani nimepanda ngazi nikalisogeza juu sentimita ishirini zaidi.

Alhamisi, 6 Agosti
Opal hana dume. Madume ya Kadina hayamfai. Anayemfaa ni mmoja tu mjini: Admirali, dume la Hocking, kifua kama cha mhubiri. Kumwomba Hocking? Bora nife.

Nimebuni mpango. Nimemtia Opal katika kizimba kidogo, nikakitundika kwenye ua, uso kwa uso na banda la Hocking. Admirali atamwona. Atapagawa. Ataacha kula. Hocking atakuja mwenyewe kunipigia magoti. Nimejificha nyuma ya tangi la maji kuangalia.

Saa mbili nzima. Upepo wa ghuba. Opal alilala. Admirali alikula sana.

Jumamosi, 8 Agosti
Ushindi! Hocking kaja na sanduku la viatu lililotobolewa matundu. Ndani: Admirali. Kasema nikae naye wiki sita. Kasema kaniona juzi nimechutama nyuma ya tangi, akadhani nimepatwa na kiharusi, akaja mbio hadi kwenye ua, ndipo akaona kizimba.

"Ungeniomba tu, Lindsay," akasema. "Verna alinipa jozi yangu ya kwanza kabisa. Hakunidai hata ahsante."

Mpango umefanya kazi, kwa hiyo. Nimempa chai. Biskuti sikumpa, asije akavimba kichwa.

Jumanne, 18 Agosti
Yai! Moja, jeupe, kama pipi. Nimelitazama kupitia mlango wa nyuma wa sanduku nikasahau kufunga mdomo. Nimetoka nje kumwambia Verna. Nimefika katikati ya uwanja ndipo nikakumbuka. Nikajifanya nimekuja kuanua nguo. Kamba haikuwa na nguo.

Jumatano, 26 Agosti
Mayai matano. Opal anayalalia vizuri. Admirali anamlisha mlangoni kama mtumishi wa hoteli.

Jambo moja dogo. Mmoja wa majike wa kijani, nimemwita Sajini, ana sanduku lake chini, zuri, jipya. Halitaki. Anashinda juu ya paa la Opal. Anainama, anachungulia ndani. Shingo ile ile ya Hocking.

Nimetunga ulinzi. Nimenunua nyoka wa plastiki, kahawia, wa kutisha hasa, nikamzungusha kwenye sanduku. Sajini katua mgongoni mwake, akamdonoa jicho. Opal ndiye aliyetimka. Kakaa pembeni ya banda dakika arobaini akitetemeka, mayai yakipoa, nami juu ya ngazi nikihangaika kumfungua nyoka niliyemfunga kwa waya mwenyewe.

Hocking kauliza kutoka kwenye ua kama ningependa msaada au picha.

Jumanne, 1 Septemba
Nimeyamulika mayai. Unajifunika koti kichwani, unaweka yai juu ya tochi. Likiwa na uhai unaona mishipa myekundu, myembamba, kama ramani ya mito. Likiwa tupu unaona mwanga tu.

Matatu yana mito. Mawili matupu.

Matatu! Nimekaa chini ya koti muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Pete zimefika pia kutoka chamani. Kila kinda huvishwa pete yenye namba ya mfugaji wake katika wiki yake ya kwanza, kabla mguu haujanenepa. Ikishaingia haitoki maisha. Nimeagiza zenye namba ya Verna. Namba arobaini na moja. Katibu alitaka kuniuliza kitu, akaacha.

Jumatano, 2 Septemba
Hocking tena, safari hii mlangoni, na kopo la biskuti lililojaa pamba yenye joto. Kasema amemwona Sajini akipigana na Opal kwenye tundu la mlango asubuhi. Kulishusha sanduku sasa haiwezekani, Opal atayasusa mayai. Lakini jike wake mmoja ametaga wiki ile ile. Atayalalia ya Opal bila kujua. Anilelee yote?

Nikajiona mjanja kuliko yeye. Makinda yaanguliwe kwake? Leo anayalea, kesho yana pete ya namba yake, keshokutwa yanashinda vikombe na jina la Hocking linasomwa ukumbini! Nikakataa.

"Basi nipe hata mawili," akasema. "Tusije tukakosa yote. Ni ndege wa Verna hao, Lindsay."

Alisimama pale na kopo lake. Hakuondoka. Sasa mtu kama huyo unamfanyaje?

Nimempa mawili. Yale matupu. Nimeyatia alama ya kalamu kabisa, herufi V, na kuyalaza ndani ya pamba kwa mikono miwili, nikiwa na sura ya baba anayempeleka mwana bwenini. Hocking kayabeba akitembea kama mtu aliyebeba supu. Nimecheka kibandani hadi nikapata kwikwi.

Ijumaa, 4 Septemba
Nimeshinda bahati nasibu ya nyama pale klabuni. Sijawahi kushinda chochote. Sinia zima: mbavu za kondoo, soseji, kipande cha figo. Nimetembea nalo mtaa mzima taratibu, watu waone.

Nimefika nyumbani saa kumi na moja. Kimya bandani.

Sajini alikuwa ndani ya sanduku la juu. Opal alikuwa chini, sakafuni. Mayai yalitupwa nje. Matatu yote. Moja lilikuwa na ufa mdogo wa duara, uliodonolewa kutoka ndani.

Opal alikuwa hai bado. Nimemfunga kwenye leso. Uzito wake ni wa barua. Nimeweka maji motoni, nikidhani joto litasaidia. Birika halikuwahi kuchemka.

Hocking kaja. Kachimba yeye shimo, chini ya mlimau, maana mimi nilikuwa nimeshika sinia la nyama na sikuweza kufikiri pa kuliweka. Hakusema neno lolote juu ya kimo cha sanduku. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Alipomaliza akanishika bega. "Tusikate tamaa," akasema. "Yale mawili bado tunayo."

Jumapili, 6 Septemba
Sikukuu ya Akina Baba. Binti yangu Janine kaja kutoka Adelaide, saa mbili za barabara, na kandambili za manyoya. Jozi ya nne hizi.

Hocking alikuwa amemweleza kila kitu kabla hajazima gari. Kaenda kwa Hocking kuyaona mayai. Karudi macho mekundu, akanikumbatia.

"Baba, kwa mara ya kwanza maishani umefanya jambo la busara," akasema. "Ungeng'ang'ania yote, leo tusingekuwa na kitu cha Mama."

Nikasema si neno. Akanikumbatia tena.

Nilipata nafasi tatu za kumwambia. Ya kwanza alipokuwa anamenya viazi. Ya pili alipoeneza kitambaa cha meza. Ya tatu alipofungua droo kutafuta kijiko, akatoa daftari la Verna, akasoma kwa sauti ukurasa wa kwanza, mstari wa kwanza: masanduku yote kimo kimoja, usithubutu vinginevyo. Akaninyanyulia macho.

Nikamwambia nilijaribu kulisoma lakini mwandiko haukunielea.

"Baba," akasema, "hizi ni herufi kubwa."

Kisha akaketi chini akaendelea kusoma peke yake, bila sauti, akipindua kurasa polepole. Nimeosha vyombo. Vingine nimeviosha mara mbili.

Anaomba kinda mmoja aitwe Verna. Nimesema ni wazo zuri.

Alhamisi, 10 Septemba
Mjini wote wanajua. Mwoka mikate kanipa pasti ya bure, kile kimkate cha kujazwa nyama, akasema hongera kwa yale mawili. Katibu wa chama kaniuliza yataanguliwa lini. Nikataja tarehe. Nimeitaja bila hata kusitasita.

Mpango: niende kwa Hocking nikiwa na yai la kuku dogo... Hapana. Mpango mwingine: niyaangushe kwa bahati mbaya wakati wa kuyatazama. Nimefika hadi langoni kwake. Jike wake alikuwa ameyalalia, manyoya yamevimba, macho nusu, na ile herufi V inaonekana kidogo ubavuni mwake. Anayageuza kwa mdomo, moja baada ya jingine, kwa zamu. Nimerudi nyumbani.

Jumapili, 13 Septemba
Hocking kaja, kofia mkononi. Kaketi bila kukaribishwa, jambo ambalo si kawaida yake. Kasema siku zimepita. Hayakuanguliwa.

Nikainamisha kichwa. Ilikuwa rahisi kuliko nilivyotarajia, kwa sababu kilikuwa kimeinama tayari.

Kisha akasema ana jambo limemkaa moyoni. Siku ile ile nilipompa, aliyamulika. Yalikuwa matupu yote mawili. Alijua tangu mwanzo. Alishindwa kuniambia, kwanza kwa sababu ya Opal, baadaye kwa sababu ya Janine. Akayaacha pale, siku zijiendee. Akaniomba radhi.

"Nilijua hukujua, Lindsay," akasema. "Ungeyajuaje? Hukuwahi kufundishwa."

Akanitazama. Akanitazama sana.

"Sikujua," nikasema.

Basi Hocking akatoa tochi mfukoni. Kumbe kaja na yai moja zima la jike wake, kwenye pamba. Akanifunika koti, akaingia na yeye humo, wazee wawili chini ya koti moja mchana kweupe, akanifundisha. Unaona mishipa hii? Hii myekundu? Huo ndio uhai. Nikasema aah! Nadhani niliizidisha kidogo ile aah. Akauliza ilikuwaje Verna hakuwahi kunionyesha. Nikasema alikuwa anajiandaa kunionyesha.

Aliwahi kuniita, kweli. Mara nyingi. Njoo uone, Lindsay, njoo upesi. Kulikuwa na mpira redioni.

Hocking kaondoka na Admirali katika sanduku la viatu.

Jumatatu, 14 Septemba
Yule mwuzaji wa Kadina kaja kuzichukua zile jozi mbili za kijani. Nimempa bure. Sajini alimng'ata kidole, akasema huyu ni mama mzuri huyu, wakali ndio huwa mama wazuri.

Nimempigia Janine. Nimemwambia mayai yalipoa wakati Hocking anavuka ua. Nikaongeza kwamba tusimlaumu, ni mzee. Kisha akasema Bevan alishampigia jana, akamwambia hivyo hivyo, kwamba kosa lilikuwa lake.

Nikamwambia kandambili zinanitosha vizuri.

Jumatano, 16 Septemba
Nimeligundua kosa. Nimekesha na hesabu tangu juzi na leo limenijia wazi: sanduku halikuwa juu ya kutosha. Ndiyo maana Sajini alilifikia.

Jipya litakaa juu ya mlingoti, mita nne, ndani ya mnara wa waya. Milango miwili, mmoja wa bandia, kumchanganya adui. Nimepata plaiwudi nzuri, nimeazima keekee ya Hocking. Kauliza ya nini, nikamwambia siri. Kachungulia mchoro wangu juu ya ua, akafumba macho kidogo, akasema kimo kimoja, jirani. Nikamwambia kwa upole kwamba kuhusu yale mayai mawili nimemsamehe kabisa, moyo wangu hauna kinyongo. Akafuta vumbi juu ya ua kwa kiganja. Kisha akasema ahsante.

Nimefanya kazi toka asubuhi hadi saa kumi. Pembe zote ziko sawa, bawaba hazilii, kishimo cha mayai nimekisugua kwa msasa hadi kikawa laini kama shavu. Sijawahi kutengeneza kitu kizuri namna hii. Limesimama juu ya mlingoti, linameta.

Bandani hamna ndege.