Baba Mkwe Wangu Ana Miaka Miwili

Niwaambie mapema, kabla hamjasikia kwa mtu mwingine: leo nimejidhalilisha mchana kweupe, mbele ya baba mkwe, na ushahidi upo kwenye mashine ninayoitunza mwenyewe.

Kwa wasionifahamu, naitwa Mafuru, nakaa Nyasho. Kazi yangu ni kutunza kumbukumbu za wagonjwa wa zahanati kadhaa za Musoma na Butiama. Zote zinakaa kwenye mainframe, kompyuta moja kubwa ya zamani, pana kama kabati la nguo. Walioileta walishastaafu, yenyewe bado. Watu wa kazi hii tumebaki wachache, kwa hiyo tuna kundi letu mtandaoni, na kila asubuhi mimi ndiye natuma dondoo ya siku. (Hakuna aliyeniteua. Nilijiteua.)

Dondoo ya leo ilihusu wagonjwa walioandikwa mara mbili. Mtu anapoteza kadi, anapewa mpya, basi mashine inamhesabu kuwa watu wawili. Nikaandika kwa kujiamini: majina yote matatu yakifanana na kijiji kikafanana, huyo ni mtu mmoja. Rekodi mpya ibaki, ya zamani ifutwe. Nikaongeza kwamba mimi nimeshafanya hivyo saa mbili asubuhi, dakika nne tu, na mashine haijakohoa. Watu wakaweka makofi.

Nyangeta hakuweka makofi. Huyu nilisoma naye, na sasa anatunza mashine kama yangu huko Bunda. Akauliza: "Na tarehe ya kuzaliwa hukuiangalia?"

Nikamjibu kama mwalimu. Nikamwambia tarehe za huku hazina maana, wazee wetu wengi wamezaliwa tarehe moja Januari kwa sababu karani aliyewaandika alikuwa na haraka. Akaandika "sawa". Nyangeta akiandika "sawa" peke yake, ujue hajakubali. Nilijua hivyo, nikaenda kunywa chai.

Saa nne baba mkwe akafika kutoka Suguti. Mzee Masatu ni mtu wa maneno machache, na mimi kwake bado niko kwenye majaribio, huu mwaka wa tisa. Alikuja kuchukua dawa za presha, zake zilikuwa zimeisha jana. Mke wangu alinipigia mara mbili: nimsindikize mwenyewe, nihakikishe anapata dawa, na nisiongee sana. Mawili ya kwanza niliyakubali. Njiani nikamweleza mzee kwamba kila mgonjwa atakayemwona pale, kumbukumbu zake ziko mikononi mwangu. Akaguna kidogo.

Tulipofika zahanati akaandikisha jina mapokezini, tukakaa kwenye benchi. Leo ilikuwa pia siku ya kliniki ya watoto. Upande wa pili akina mama walikuwa wamejaa, na ule mzani wa kuning'iniza watoto ulikuwa tayari umetundikwa. Nesi wa upande huo, mgeni kazini, akasoma kwenye skrini yake na kuita: "Masatu Magesa Masatu, Suguti, miaka miwili. Aje apimwe uzito."

Baba mkwe akasimama. Akachukua kofia yake, akaenda.

Mimi nilibaki nimekaa. Nilishaelewa kila kitu.

Ngoja niwaeleze taratibu. Kwetu mtoto hupewa jina la babu yake. Baba mkwe ni Masatu Magesa Masatu. Mwanawe, shemeji yangu, ni Magesa Masatu Magesa. Mwaka juzi shemeji alipata mtoto wa kiume, na bila shaka akamwita Masatu. Sasa andika majina matatu ya huyo mtoto, halafu andika ya babu yake. Ni yale yale, na kijiji ni kile kile. Nilikuwepo kwenye ubatizo wake, nikala pilau, nikambeba, nikapigwa picha. Tena mimi mwenyewe nina jina la babu yangu! Kitabu cha maelekezo cha mashine ile ni kinene kama tofali na hakina ukurasa hata mmoja unaomtaja babu, lakini hili sikuhitaji kusoma kitabuni.

Mzee akasimama mbele ya mzani. Akaitazama ile suruali ya kitambaa wanayovishwa watoto. Akauliza kwa upole kama avue viatu. Akina mama walijitahidi sana, Mungu awabariki, lakini mmoja alishindwa kujizuia na benchi zima likafuata.

Nesi Ghati, mkuu wa zamu, akaja kuangalia. Nikamnong'oneza kwamba mzee amefuata dawa za presha. Akajaribu kuziandika. Mashine ikakataa, kwa sababu haitoi dawa za presha kwa mtoto wa miaka miwili. (Sheria hiyo niliiweka mimi. Nilijisifu nayo mwezi mzima.) Vipimo vyake vyote vya presha vilikuwa vimefutwa, zimebaki chanjo na dawa ya minyoo. Hapo niliogopa kweli. Mzee wa watu katoka Suguti, dawa hana, na aliyemfuta ni mkwe wake.

"Mafuru," Ghati akasema, "asubuhi umegusa nini?"

Nikakiri pale pale, mbele ya benchi lote. Hakunigombeza. Akafungua droo, akatoa daftari lake la zamani lililochakaa, ambalo nimeshamwambia mara nyingi alitupe. Mzee alikuwemo, na vipimo vyake, na dawa zake kwa majina. Akampima, akampa.

"Ndiyo maana hili silitupagi," akasema.

Nikamgeukia baba mkwe nikiwa nimeinama. Nikamwomba radhi, nikamweleza kwamba nimemchanganya na mjukuu wake, nimewafanya mtu mmoja. Akaivaa kofia yake taratibu.

"Yule mtoto ni mimi," akasema. "Hapo mashine yako haijakosea. Sisi ndivyo tunaitanaga. Ila presha ni yangu peke yangu."

Nilikwenda chumba cha mashine mbio. Nakala ya jana nilikuwa nayo, nashukuru, lakini kuirudisha maana yake kila mgonjwa aliyeandikwa asubuhi hii anapotea na inabidi aandikwe upya. Nikapiga simu zahanati moja baada ya nyingine kuwaomba manesi. Waliyoniambia sitayarudia hapa.

Kabla sijaanza kurudisha, nikatafuta jina langu. Mafuru Maregesi Mafuru, Butiama. Babu yangu amefariki miaka mitano sasa, na mimi ndiye niliyemwandika kwenye mashine ile kwamba amefariki, nikilia. Leo rekodi hiyo haikuwepo. Kulikuwa na Mafuru Maregesi Mafuru mmoja tu, yuko hai, mzima wa afya, mara ya mwisho alikuja na malaria. Kwa mashine, babu hajafa. Nikakaa nikitazama jina lake. Nimemkumbuka sana leo. Kisha nikarudisha nakala, tukawa wawili tena, na mmoja wetu ni marehemu.

Nikarudi kwenye kundi, nikafuta dondoo yangu, nikaandika nyingine: kabla hujaunganisha watu, uliza kwao wanapeanaje majina. Nyangeta akajibu "sawa".

Sasa hivi mke wangu amepiga. Baba amefika Suguti salama, dawa amemeza. Ana swali moja kwangu: kliniki ijayo aje mwenyewe, au aletwe na mama yake?

Miaka tisa hajawahi kunitania. Kwa hiyo ninyi naomba msinicheke, nafasi hiyo imeshachukuliwa na mtoto wa miaka miwili.