Siku Niliyowasomea Wakwe Daftari Langu la Kiingereza

Leo nimejiaibisha, jamani. Tena si kidogo. Mbele ya wageni kumi na wanne, wazazi wangu, Shangazi Adela, na mbuzi mmoja aliyefungwa kwenye mti wa kahawa.

Naandika hapa kwa sababu kwa mdomo siwezi. Mnanijua. Mimi ndiye yule ambaye akiitwa jina darasani anageuka nyuma kuangalia kama kuna mwingine mwenye jina hilo.

Chanzo ni kazi ya Madam wa Kiingereza. Tunajifunza kuchukua maneno ya mtu na kuyageuza yawe ya kusimuliwa: alisema kwamba, aliuliza kama. Kila akitupa zoezi tunamwandikia habari za John anayekula tufaha. Wiki hii akachoka. "Nani hapa Chonyonyo ameshamwona huyo John? Nani ameshaonja hilo tufaha? Nendeni nyumbani, sikilizeni watu wanavyosema, andikeni, kisha mgeuze!"

Nikasikiliza. Ndicho kitu pekee ninachokiweza. Mtu asiyesema anasahaulika, na watu wakishakusahau wanasema yote. Nilikaa jikoni namenya ndizi, daftari liko chini ya kanga.

Na kwetu wiki hii yalisemwa mengi, maana leo wakwe walikuwa wanakuja. Dada yangu Koku anachumbiwa na kijana wa Kimuli anayeitwa Deo, anaendesha bodaboda pale Rubwera. Koku ana miaka ishirini na nane. Rafiki zake wameolewa, na wadogo wa rafiki zake wameolewa. Leo ilikuwa ya kupatana mahari tu, basi.

Walifika saa sita mchana, wakamfunga mbuzi wao kwenye mti wa kahawa. Tukapiga magoti, shikamoo kwa kila mmoja, wakapewa kahawa za kutafuna. Koku akakaa chumbani nyuma ya pazia, kusubiri kuitwa.

Sasa, siku kama hiyo hakuna anayesema kwa kinywa chake. Baba yake Deo anamnong'oneza mshenga, mshenga ndiye anasema. Baba yangu anamnong'oneza Baba Mdogo, Baba Mdogo ndiye anajibu. Deo mwenyewe hatakiwi hata kukohoa.

Mambo yalianza vizuri. Mshenga, mzee mrefu wa kofia, akasifu migomba yetu. Baba Mdogo akasifu barabara ya kwao (sijawahi kusikia mtu akiisifu). Wakafika kwenye mbuzi. Sisi sita, wao wawili. Sisi sita, wao watatu. Hapo Baba akaona njia. Akasahau hata kunong'ona.

"Nyumba hii mabinti wanasoma! Koku ana cheti cha kidato cha nne. Hata huyu mdogo, Kiingereza kinamtoka kama maji. Kemi! Lete daftari uwasomee wageni."

"Baba, kazi yenyewe bado sijamaliza."

"Soma hiyohiyo."

Nikaangaza macho. Baba Kiingereza hajui. Mama hajui. Shangazi anajua kushukuru tu. Wageni niliwaona ni wakulima kama sisi, na mmoja kwenye kona, mwenye suti ya kijivu, alikuwa amefumba macho. Nikajipa moyo kwamba hakuna atakayeelewa. (Ningeweza kutunga sentensi nyingine papo hapo. Mwenye akili angetunga. Mimi nikiogopa nasoma kilichoandikwa.)

Nikasoma ukurasa mzima bila kupumua. Wakapiga makofi!

"Mmesikia?" Baba akasema. "Mbuzi sita hao!"

Mshenga akatikisa kichwa. "Kweli kinateremka. Ila sisi tumeambulia upepo. Mjomba, hebu tusaidie, binti anasema nini?"

Suti ya kijivu ikafumbua macho. Kumbe ni mjomba wake Deo, mtu wa Muleba, anafanya kazi ofisini Rubwera.

"Anasoma maneno ya watu wa hapa nyumbani," akasema. "Rudia, binti. Taratibu. Mojamoja."

Nikasoma ya kwanza. Mjomba akatafsiri: "Mama yake alisema kwamba mbuzi alikuwa amekula kanga yake ya kanisani."

Wakacheka wote. Hata mimi nilicheka kidogo, mjinga mimi.

Ya pili. "Shangazi yake alisema kwamba watu wa Kimuli wakienda ugenini huazimana mashati."

Kicheko kikakatika. Deo akashika kola yake. (Na kweli mabega ya lile shati yalikuwa yanamzidi.) Shangazi akakohoa. "Labda nilisema Kimuli nyingine."

Ya tatu. "Mama yake aliuliza kama kijana ana kazi nyingine, au ni hiyohiyo ya kunyoa ndevu na kungoja abiria."

Mama akanikata jicho, si la kawaida. Baba akasema, "Inatosha, Kemi, nenda katazame chungu."

"Aa, Mzee," mshenga akamzuia, sauti tamu kama lubisi, ile juisi ya ndizi mbivu. "Umetuita tusikie elimu. Mwache mtoto amalize."

Mgeni wa siku hiyo hakatazwi. Na mdomo wangu, ambao miaka yote kumi na mitano nikiutuma hauendi, leo ukaenda wenyewe. Nikasoma ya nne.

Mjomba hakutafsiri mara moja. Alimtazama Baba kwanza. Kisha akasema polepole:

"Baba yake alisema kwamba hata wakija na mbuzi mmoja mwenye kikohozi apokelewe, kwa sababu Koku akibaki hapa mwaka mwingine hakuna atakayemuuliza tena."

"Mtoto amekosea," Baba akasema. "Kiingereza chake bado kichanga."

"Hapana, Mzee. Hajakosea popote. Ningekuwa mwalimu wake ningempa zote."

(Mara ya kwanza maishani kusifiwa Kiingereza. Ndiyo hiyo.)

Mshenga akavua kofia, akaivaa tena. "Basi tusichoshane. Mbuzi mmoja yupo pale nje. Kikohozi tutamtafutia." Wageni wakaangua kicheko, wengine wakapigana mabega.

Pazia likafunguka.

Koku alikuwa amevaa gomesi ya zambarau aliyoishona kwa ajili ya leo. Hakupiga goti. "Babu," akamwambia mshenga, "rudini na mbuzi wenu. Mimi si wa kupunguzwa bei."

Deo akasimama. "Koku, mimi..."

Mjomba akamvuta lile shati. "Kaa. Wewe leo husemi."

Nilimwombea asikae. Naapa, nilimwombea kwa moyo wote. Akakaa. Koku akamtazama mpaka alipokaa sawasawa, akarudi chumbani.

Wakaondoka bila kula. Mbuzi wakamfungua. Ndizi na nyama tumewagawia majirani, ambao walizipokea huku wakiuliza maswali. Shangazi ameniita redio. Baba ameniita nyoka, halafu akamwambia Mama aniambie nimtoke machoni, na mimi nimesimama palepale.

Hayo yote nimeyavumilia. Lililonimaliza ni la jioni. Nilikuwa naosha vyungu, Koku akaja akachuchumaa karibu yangu. Alikuwa ameshavua gomesi. Nilijua atanipiga, nikaweka chungu chini kisivunjike.

Hakunipiga. Akauliza, "Baba aliyasema lini?"

"Jumanne."

"Na leo?"

"Jumamosi."

"Siku zote hizo, Kemi. Tunalala kitanda kimoja." Akaokota kipande cha majani ya mgomba, akawa anakichana vipande vyembamba. "Ukamwandikia Madam. Mimi hukuniambia."

Nilikuwa natafuta namna ya kumwambia kwamba niliogopa, kwamba kuandika ni rahisi kuliko kusema, kwamba hata sasa... Alipoona nimechelewa akanyanyuka, akachukua vyungu viwili nilivyokwisha osha, akaingia navyo ndani.

Haya, nimeandika. Mkitaka kucheka, nichekeni mimi. Koku mwacheni.